Meza ya Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa Chemutai kuchukua maziwa. Jioni za Kitale zina baridi, na mtoto wangu alikuwa amefunikwa blanketi hadi puani. Maziwa hayakuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa simu.

Mume wangu, Kibe, alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee huko Japani. Alitaka tule chakula cha Kijapani kabla hajasafiri. "Nisiende kuaibika na vijiti mbele ya watu," alisema. Kazi ya kutafuta hoteli akaniachia mimi, na mimi ni mtu wa aibu. Kuongea na mtu nisiyemjua hunitoa jasho.

"Lete hiyo simu, Mama Nyaguthii," Chemutai akaniambia, huku akinipimia maziwa kwa mkono mmoja. "Hapa Kitale sioni. Ngoja... iko moja Bungoma, upande wa Kanduyi. Nyota tano! Kila mtu ameipa nyota tano."

"Wanapika nini?"

"Haijaandikwa."

"Picha je?"

Akasogeza, akasogeza. "Hata ya sahani hakuna. Watu wa siku hizi wasipopiga picha chakula, wanakula aje?" Akacheka. "Labda ni tamu mpaka wanasahau simu, bana."

Maneno ya wageni yalikuwa mafupi. *Tumeshiba. Tutarudi.* Mmoja alikuwa ameandika: *Nilimkuta.*

Sikuyapenda. Lakini Chemutai alikuwa ameshapiga, akanisukumia simu sikioni.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na watu husema mwenye jina amerudi. Mama yake Kibe, Nyaguthii, alifariki mimba yangu ikiwa bado changa. Kibe alikuwa Naitiri akipakia mahindi. Hakuwahi kumwona akikata roho. Mtoto alipozaliwa tukamwita Nyaguthii. Kibe humwita Maitu, yaani mama. Mimi, kwa mzaha, nikawa namwita mama mkwe. Mama mkwe amenikojolea. Mama mkwe anataka kunyonya. Mtaa mzima ulikuwa umezoea.

"Kalibu," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mwanamke. Laini... karibu mno, kama mdomo ulikuwa umegusa sikio langu.

"Mjapani!" Chemutai akaninong'oneza. "Huchanganya *r* na *l*." Kisha akafikiri. "Ama ni Mbukusu tu, na sisi tunaogopa bure."

"Mtakuwa nani na nani?" sauti ikauliza.

"Mimi, bwanangu, na mama mkwe."

Ilinitoka tu. Chemutai akaziba mdomo asicheke.

"Jina la mama mkwe?"

"Nyaguthii."

"Anakula nini?"

Kicheko kikanibana na mimi pia. "Hana meno. Vitu laini tu."

"Mtambeba, ama atakuja mwenyewe?"

"Tutambeba."

Nyuma ya sauti ile nilisikia maji yakidondoka. Tone... tone...

"Si lazima mumbebe," akasema. "Akiitwa, anajua njia. Kesho jioni utupigie useme kama mnakuja. Usipopiga, tutajua mnakuja."

Simu ikakatika. Nilitazama kopo langu la maziwa. Nikalifunika, nikashika njia ya nyumbani.

Nilipomsimulia Kibe, alicheka. "Kwa hivyo umemwitia Maitu meza?" Kisha akachukua simu asome mwenyewe. Nikamwona amefika kwenye lile neno. *Nilimkuta.* Akalisoma. Akarudi akalisoma tena.

"Baba Nyaguthii, tuache hii," nikamwambia. "Hatuijui."

"Tuende," akasema polepole. Hakuwa anacheka tena.

Sikumbishia. Lakini asubuhi nilimpigia binamu yangu Joy, ambaye huuza nguo za mitumba Kanduyi, nikamwomba akifunga kibanda apite aione ile hoteli.

Joy alinipigia jua likielekea kuzama. Kibe alikuwa kanisani, wanamwombea safari. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, akichezea vidole vyake.

"Nyaruai, nimeiona," Joy akasema. Alikuwa ananong'ona. "Iko nyuma ya mahali pa kupasulia mbao. Ni nyumba tu. Kuna pazia fupi mlangoni, na viatu vimepangwa nje."

"Si Wajapani huvua viatu?"

"Ndiyo, lakini hivi... vimejaa udongo. Vyote. Hata vile vizuri vya kuvaliwa kanisani. Na kuna harufu."

"Ya samaki?"

"Ya wali. Na ya shimo lililochimbwa sasa hivi."

Nikaketi.

"Kuna watu?"

"Wanaongea chini chini, kama watu wa matanga. Ngoja... kuna mama anatoka." Nikasikia sauti ile laini, kwa mbali. Sikushika maneno. Joy aliporudi kwenye simu, pumzi zake zilikuwa fupi. "Anauliza kama nimeleta jina. Ati mama mkwe wako amefika. Ameketi. Lakini hawezi kula... kwa sababu jina lake mko nalo huko nyumbani."

"Joy, toka hapo."

"Nyaruai, namwona mguu—"

"Toka!"

Nikasikia viatu vyake vikipiga mbio. Kisha hakuna kitu.

Niligeukia kitanda.

Mtoto hakuwa anachezea vidole tena.

"Nyaguthii," nikaita.

Hakugeuka. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dari. Nikamshika. Viganja vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyefua nguo mtoni. Kifua kilipanda kidogo... kikakaa... kikapanda kidogo.

"Nyaguthii! Nyaguthii!"

Kila nilipoliita jina, alizidi kulegea, kama namsukuma. Nikanyamaza.

Nikampakata kwa mkono mmoja na kupiga ile namba kwa mwingine. Haikulia hata mara moja.

"Kalibu."

"Hatuji," nikasema. "Futeni meza yetu."

"Tufute nani?"

"Sisi sote."

"Wewe na bwanako tumewafuta. Lakini Nyaguthii ni wawili, na jina ni moja. Mmoja ataketi nasi. Mmoja ataenda nyumbani. Tufute yupi?"

Midomo ya mtoto wangu ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Katika maisha yangu sijawahi kumpigia mtu kelele, hata mbwa. Siku hiyo nilipiga kelele mpaka koo likaniuma.

"Mama mkwe! Mfute mama mkwe!"

"Umesema," sauti ikajibu. Ilikuwa na furaha, nadhani. "Mama mkwe tumemfuta. Huyo mwingine tunamwachia aje nyumbani."

Maji yalidondoka huko. Tone.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua chake. Kisha akalia. Nilimkumbatia nikalia naye, na hivyo ndivyo Kibe alivyotukuta.

Joy alifika kwake salama. Kulipokucha alirudi pale na wauzaji wenzake. Walikuta stoo ya mbao yenye kufuli la kutu. Hakuna pazia, hakuna viatu. Mwenye stoo akawaapia kwamba hakuna mtu aliyewahi kupika hapo. Ile namba, ukiipiga, unaambiwa haipo. Chemutai anasema walikuwa matapeli. Mchungaji alikuja akaomba, akasema yamekwisha.

Nami niliamini yamekwisha. Nilimshukuru Mungu. Kisha, nikiwa nasuuza vikombe, swali likanijia, na kikombe kikaniponyoka.

Siku ile ya kwanza, niliyemtaja kwao kwa jina la mama mkwe alikuwa nani?

Asiye na meno. Wa kula vitu laini. Wa kubebwa.

Hao watu walimjua mama mkwe mmoja tu kutoka kinywani mwangu... na alikuwa mtoto wangu.

Sijamwambia Kibe. Ningemwambiaje? Mtoto yuko hapa. Ana alama yake ileile shingoni. Analala, anaamka, anaongezeka uzito. Mama wa kliniki amemsifu.

Lakini tangu jioni ile hataki kunyonya. Nikifungua blauzi anageuza uso pembeni, taratibu, bila kulia, kama mtu mzima aliyeonyeshwa kitu kisichofaa kuonwa. Nimeanza kumpikia uji. Anaupenda wa wimbi, mzito.

Siku Kibe aliposafiri, ndugu walijaa nyumbani. Alimbeba mtoto kumuaga. Mtoto akaushika mkono wake, akakifungua kiganja, akakitazama muda mrefu, kisha akatemea mate kidogo katikati. Watu wakacheka, wakasema meno yanakuja. Mimi sikucheka. Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyombariki msafiri.

Kibe naye hakucheka. Alifunga kile kiganja, akakiweka kifuani, machozi yakamtoka. "Asante, Maitu," akasema. Sijawahi kumwona na amani kama ile.

Sasa tumebaki wawili. Nimeacha mzaha wangu. Nilijiapia kwamba sitamwita mama mkwe tena, wala mama. Namwita Mary Ann, jina lake la kanisani, na nikiwa peke yangu namwita polepole, mara nyingi, nione kama kuna mahali ataitikia.

Jana jioni uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha Kibe, ambacho hawezi kukipanda. Ananitazama. Hakulia. Alitazama sufuria, akatazama moto, akanitazama tena.

Na mimi, kabla sijajua ninachofanya, nilipiga goti.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nimechelewa."

Akanyoosha mkono mdogo, akapokea kikombe.