Fulana ya Ghorofa ya Tatu

Ukumbi wa michezo ulifurika wazazi waliolikodolea macho tufe la bahati nasibu ya kugawa nafasi za shule ya ghorofa ya tatu. Jina la Kezia lilipotajwa, mama yake, Shavonne Teal, aliruka kwa furaha na kummwagia kahawa mwanamume aliyesimama kando yake.

"Jamani, kaka, shati lako!"

"Acha tu, lilikuwa jeupe mno." Royce Pettiford alicheka. "Hongera. Mimi nafundisha humu humu, shule ya chini. Nimekuja kuona watoto mnaotunyang'anya."

"Basi mimi mwizi."

"Mwizi mzuri hivi? Nipe namba yako nikuripoti."

Jengo lile la Newark lilibeba shule mbili: ya mtaa chini, na juu, ghorofa ya tatu, shule ya mkataba, ya umma lakini ikiendeshwa na watu binafsi. Hata ngazi, kila shule ilikuwa na zake. Mapenzi hayakujali hayo, yakawanasa wote wawili.

"Umekula, laazizi?" Royce alimuuliza kila jioni kwenye simu.

"Nimekuwaza wewe."

"Kuniwaza hakushibishi. Mlete Kezia, nimekaanga kuku."

Kisha shule ya juu ikataka jengo zima. Kama kawaida ya shule hiyo, wazazi wake waliitwa wapande mabasi kwenda kwenye kikao cha bodi ya elimu, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa. Shavonne aliandikishwa kuzungumza. Hakuna aliyemtisha, lakini nani angethubutu kukataa na mtoto yuko kwao? Akamficha Royce jambo hilo. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Royce, aliyekuja kikaoni kuitetea shule yake, alimwona akishuka basi, hereni za duara zikimeta juu ya fulana ile. Simu ya Royce ikalia; alikuwa Shavonne.

"Royce, nisikilize..."

"Wiki nzima unakula kuku wangu ukijua unakuja kunizika?"

Akakata.

Shavonne alisogea mbele ya kipaza sauti.

"Mwanangu yuko juu na anasoma vizuri. Simtoi," alisema. "Lakini walimu wa chini ndio walionifundisha mimi, na mmoja wao nampenda. Mnasema mmenipa uhuru wa kuchagua. Mmenipa mlango mmoja tu, na nikiufungua namfungia yeye nje. Huo ni uhuru gani?"

Kipaza sauti kikazimwa. Bodi ikapiga kura, na shule ya chini ikafungwa.

Royce, aliyeyasikia yote ukumbini, alimngoja nje penye mabasi, koti mkononi, macho mekundu.

"Nimekuja kumchukua mwizi wangu."

"Umepoteza kazi, mpenzi."

"Nimepoteza. Vaa, kuna baridi."

Alivaa. Koti halikufungika mbele, na rangi ya machungwa ikabaki inaonekana.

"Nioe, Royce."

"Na hiyo fulana?"

"Wakiniita nitaivaa tena. Unajua."

Alijua. Akaumia, kisha akamshika mkono.

"Nami nitakuwa upande wa pili wa ukumbi, nakuzomea."

"Nizomee," Shavonne alisema huku akilia. "Ila tukimaliza, unisubiri turudi wote nyumbani."