Pasi Kutoka Duarani

Kidude kilikamata mtandao vizuri mahali ambapo hakikupaswa kukamata kabisa.

Werema aligundua hilo saa nane mchana, kijiji kizima cha Itiryo kikiwa shambani au kwenye dhahabu. Kaka yake Heche alikuwa amefuata rashi mpya, dhahabu iliyolipuka upande wa Serengeti, akamwachia nyumba, mashine ya gemu sebuleni, na hicho kidude cha mkononi kinachovuta gemu kwa Wi-Fi, ucheze hata chooni.

"Mura, mdogo wangu, linda nyumba," Heche alimwagiza akiondoka. " Na duara la uani usilifunue."

Ajira gani hiyo? Degree ya statistics, miaka sita mtaani bila kazi, interview kumi na moja, "we'll get back to you", halafu ulinzi wa shimo! Shemeji Rhobi, mke wa Heche, alishahamia kwao Nyarero, hakusema kwa nini.

Sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye router, picha ilikwamakwama. Jikoni, afadhali. Uani, juu ya mabati yaliyofunika duara, shimo la dhahabu la mita arobaini, mtandao ukajaa hadi juu.

"Physics nayo imechoka," akacheka, akaketi palepale, akafungua gemu ya soka. Kioo kikaandika: *Mchezaji wa pili anaomba kuingia.*

Akakubali. Nani angekataa?

Huyo wa pili hakuwa mchoyo wa mpira. Wiki nzima walicheza, na tangu atoke chuo hakuna mtu aliyewahi kumpa Werema pasi ya aina yoyote.

Siku ya nane, katikati ya kelele za mashabiki, alisikia pumzi ya mtu anayepanda ngazi ndefu, ikija na harufu ya baruti na udongo mbichi wa chini kabisa, na kila goli lilipoingia pumzi ilisogea, ikasogea tena, hadi mabati chini ya mapaja yake yakawa ya baridi ilhali jua linawaka.

Alimpigia Heche. Heche hakuuliza swali hata moja; kesho yake akamtuma Mzee Tamimu, mganga wa Tarime mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulimkubali wewe, huyo wa shimoni?" mzee alinong'ona.

"Nilibonyeza tu. It's just a game."

"Wachimbaji wanne wa kaka yako nao walimkubali. Wako humo humo." Akaonyesha chini. "Sema mara tatu: hapa naishi peke yangu. Ataondoka. Usipomaliza, anakuja kukuchukua."

"Hapa naishi peke yangu." Pumzi ikashuka.

"Hapa naishi peke yangu." Picha ikaanza kufifia, na kwenye kioo yule wa pili alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mpira mguuni, amemgeukia, anasubiri, na Werema akatazama vyumba sita visivyo na mtu, na simu ambayo isingeita leo wala mwezi ujao, na jioni zote zinazofanana zilizopangana mbele yake kama viti vya usaili.

"Malizia, mwanangu. Malizia!"

"Hapa," Werema akasema, "tuko wawili."

Mzee Tamimu aliokota viatu vyake bila kuvivaa, akarudi kinyumenyume hadi getini.

Chini ya mabati kukagongwa, polepole, kwa adabu kabisa.

"Karibu," Werema akajibu.