Darasa Kati ya Mashine

Bi Povu alikuwa dobi, na kazi yake aliijua kama kiganja cha mkono wake. Alikuwa amefua miaka kumi na miwili kwenye duka moja la dobi lenye mashine nne. Doa la chai, la mafuta au la kutu, yeye alilinusa tu akajua dawa yake. Wenzake walimwita Bi Povu kwa sababu kila alipopita, povu lilibaki sakafuni.

Kitu kimoja kilimshinda: kusoma. Alikuwa amekificha vizuri. Akipewa karatasi, alisema, "Jamani, miwani nimeisahau nyumbani. Nisomee, mwanangu." Dawa alizitambua kwa rangi ya dumu. Dumu jeupe lilikuwa la sabuni. Dumu la bluu lilikuwa la dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Asubuhi moja yaliletwa madumu mapya, na rangi zilikuwa zimebadilishwa. Bi Povu hakujua. Akachukua dumu jeupe, akamimina kwenye mashine iliyojaa sare za kijani za wauguzi, akaendelea kuimba.

Mashine iliposimama, wimbo ulikatika. Sare zote zilikuwa na mabaka kama chui!

Bosi akaja mbio. "Bi Povu! Si imeandikwa hapa kwenye dumu, tena kwa herufi kubwa, kwamba ni dawa ya nguo nyeupe?"

"Miwani, bosi. Nimeisahau."

"Miwani gani? Tangu uje hapa sijaiona hata siku moja!"

Bi Povu akainamisha kichwa. Machozi yakamlengalenga. "Miwani sina, bosi. Kusoma ndiko sijui."

Kisha mpiga pasi akainua mkono taratibu. "Hata mimi sijui."

"Mimi kusoma najua kidogo," akasema mpima sabuni, "lakini namba hunipiga chenga."

Bosi akajikalia juu ya kapu la nguo chafu. "Basi nimekwisha! Itabidi nitafute watu wengine."

Mlangoni alikuwa amesimama mteja mmoja, mama aliyekuja kuchukua mapazia yake. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, na nyumba yake ilikuwa jirani.

"Bosi," akasema, "utampata wapi mwingine anayejua doa kwa pua? Ufundi anao. Kilichobaki ni herufi, na herufi hufundishika."

"Sawa, Mwalimu. Waende shule jioni."

"Jioni wamechoka, na nyumbani wanasubiriwa. Nitawafundisha hapahapa, saa za kazi. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, wala usiwakate mshahara."

"Nusu saa nzima mashine zisimame?"

"Mashine zizunguke. Watu ndio wakae. Tena hatutaanza na kitabu cha watoto. Tutaanza na lebo za madumu yako na jagi lako la kupimia. Mtu hushika haraka kile anachokitumia kila siku. Sharti langu ni moja: anayekosea asichekwe."

Bosi akazitazama zile sare, akashusha pumzi. "Anza Jumatatu."

Siku hiyo Bi Povu alirudi nyumbani kichwa chini. "Nimeaibika mbele ya watu, baba watoto," alimwambia mumewe, fundi viatu.

"Aibu ya nini?" mumewe akasema. "Kuficha ndiko kulikochosha. Sasa utapumzika."

Jumatatu wakakaa kati ya mashine, madaftari magotini. Neno la kwanza lilikuwa "sabuni", la pili "hatari". Bi Povu aliishika kalamu kama anakamua shuka, mpaka ikavunjika. Walipofika kwenye hesabu, Mwalimu akauliza, "Lebo inasema vifuniko viwili kwa lita kumi za maji. Kwa lita thelathini je?"

Bi Povu akahesabu kwa vidole. "Sita!"

"Umepata! Na wewe bosi, nionyeshe robo tatu ya lita kwenye jagi."

Bosi akalizungusha jagi, akajikuna kichwa. "Mwalimu, miwani nimeisahau."

Wakacheka mpaka mpiga pasi akashika mbavu. Tangu siku hiyo bosi naye akaja na daftari lake.

Miezi minne ikapita. Hakuna nguo iliyoharibika tena. Sabuni iliyokuwa ikiisha kwa wiki tatu, sasa ilifika wiki tano. Wauguzi, waliokuwa wameshonewa sare mpya, walizileta tena kufuliwa. Na siku moja bosi alipoandika ubaoni "vifuniko 60", Bi Povu alimzuia. "Bosi, ni sita! Hiyo sifuri umeitoa wapi? Unataka povu lifike barabarani?"

Habari zikamfikia seremala wa mtaa wa pili. Akaja mwenyewe. "Dada, mbao zangu nyingi hukatwa vibaya. Mlifanyaje hapa?"

"Wafanyakazi wako wangapi hawajui kusoma au kupima?" Bi Povu akamuuliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Umewauliza?"

Seremala akatikisa kichwa.

"Kawaulize mmoja mmoja, faraghani, kwa upole. Usiwatishe kwamba utawafukuza."

Kesho yake seremala akarudi, kofia mkononi.

"Umewapata?" Bi Povu akauliza.

"Nimewapata. Ni watano." Akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Wa tano ni mimi."

Bi Povu akamvutia kiti, akamwekea daftari jipya mapajani. "Karibu, kaka. Tunaanza na jina lako."