Ovaroli Isiyokauka

Jua la siku ile lilikuwa la kupasua mawe, na kila kitu kwenye kamba ya mke wa Spana kilikauka isipokuwa ovaroli ya mumewe. Mashuka yalikauka. Taulo nene, lile ambalo huwa la mwisho siku zote, likakakamaa kama ubao. Ovaroli ya buluu ya kampuni ya maji ikabaki inadondosha, tone, tone, kana kwamba imetoka kwenye beseni sasa hivi. Akaikamua, akaigeuza ndani nje, akaianika tena. Kesho yake bado inadondosha. Siku iliyofuata akaipeleka puani, akarudisha kichwa nyuma upesi, maana ilinuka tope la chini kabisa ya kisima.

Akailaumu sabuni. Siku hizi hata sabuni ni za kubahatisha, akawaambia majirani, nao wakakubali.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na mtaa ulimwita Spana kwa sababu alikuwa nayo mfukoni hata harusini. Wiki iliyotangulia kampuni yake ilikifunga kisima cha mtaa kwa zege, ili watu wanunue maji ya bomba, watake wasitake. Wanawake wakaandamana mpaka kisimani, na mimi nasema walikuwa na haki yao yote, asitokee mtu wa kuwasema. Kisima kile kilichotwa na bibi zao. Kasoro ilikuwa moja tu: mkurugenzi aliyetoa amri hakuwepo. Waliokuwepo ni mafundi na machepeo yao, kofia vichwani, barakoa za vumbi usoni, na tope lote likawaishia wao. Spana alirudi nyumbani ana tope mpaka masikioni, na kifuani, mahali pa nembo ya kampuni, pamebaki nyuzi. Alimwambia mkewe amenaswa na waya. Mkewe akaifua ovaroli, na balaa likaanzia hapo.

Maana ovaroli ilipokataa kukauka, Spana naye akashikwa na kiu. Kwanza jagi. Halafu ndoo. Alikunywa mpaka tumbo likakaza kama ngoma, na midomo ikazidi kupasuka, na ngozi ya mikono ikawa inapukutika unga mweupe kwenye shuka. Akalala chali hawezi kazi. Mchana kweupe, mtaa mzima una kelele zake za kawaida, mkewe akiwa jikoni akasikia kitu kinameza ndani ya ukuta, funda moja, kisha jingine, taratibu, kama mtu asiye na haraka na nyumba hii. Akafunua mtungi aliokuwa ameujaza asubuhi, akaukuta mkavu na una ufa. Akakimbilia chumbani, na kabla hajafika mlangoni harufu ile ya tope ikamziba pua, akasikia sauti ya chini, ya mbali, yenye mwangwi wa mtu anayesemea shimoni, ikiuliza, "Ni wewe?" na mumewe, macho wazi kwenye dari, midomo inachuruzika damu, akajibu kwa kunong'ona kama mtoto anayesingiziwa, "Si mimi. Wallahi si mimi," na sauti ikanyamaza, na ukutani kule kumeza kukaendelea, na huko nje kwenye kamba ovaroli ikawa imejaa, mikono na miguu imevimba, kana kwamba kuna mtu aliyeivaa ananing'inia kwenye vibanio.

Mwanamke hakuchukua hata kanga ya kujitanda. Alitoka mbio mpaka kwa dada yake.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Kipaza kwa ile sauti aliyopewa na Mungu. Maandamano yote yeye ndiye mbele. Mdogo wake akamweleza kila kitu huku anahema, tangu ovaroli mpaka ile sauti. Mguu wa Kipaza ukasimama juu ya pedali.

"Hiyo ovaroli," akauliza, na safari hii kipaza chenyewe hakikupaza, "imechanika kifuani?"

"Amenaswa na waya."

"Hakunaswa na waya, mdogo wangu. Ni mimi niliyemchana."

Kumbe siku ya vurugu Kipaza alimkwida fundi mmoja aliyezibwa uso na barakoa, akamnyofoa nembo. Hakumjua. Spana alimjua shemeji yake vizuri sana, lakini alilimeza jambo hilo ili familia isigombane. Nembo ile Kipaza akaipeleka kwa mganga, akasema kampuni ndiyo hii, naomba itafutiwe dawa. Mganga akaiteremsha kwa jini wa kile kisima, aliyekuwa amefukiwa hai chini ya zege na hasira zake.

Mke wa Spana alimwangalia dada yake, akatamani kumpiga. Hakumpiga. Alimshika mkono wakaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mzee mkali, anaishi nyuma ya gereji, na hakupenda kurudiwa. Alisikiliza, kisha akamgeukia Kipaza.

"Nilikuuliza unamtaka nani, ukanipa kitambaa. Jini hajui kampuni. Anajua nguo, na anamjua anayeivaa. Sasa kila siku anamuuliza mtu wa watu kama ndiye aliyefunga, mtu anakana, na yeye anasubiri huku anakunywa."

"Akichoka kusubiri?" akauliza mke wa Spana.

"Maji ya nyumba yakiisha, atamnywa mumeo."

Mkurugenzi havai ovaroli, wakamwambia. Anavaa suti, anakaa juu kabisa, kwenye kiyoyozi. Mganga akasema hilo si lake. Akarudisha nembo, akaagiza aliyeichana aishone mwenyewe. Nguo ikishakuwa nzima na ikatolewa nyumbani, jini ataifuata. Na atakayeivaa, huyo ndiye atakayeulizwa.

Kipaza aliishona jioni ile palepale uani, nguo inamchuruzikia mapajani, sindano inateleza, na kila alipochoma alihisi kifua cha ile ovaroli kinapanda na kushuka. Alikuwa hajamaliza kukata uzi msimamizi wa mafundi akabisha hodi. Alimpa pole mgonjwa, pole ya mlangoni, halafu akasema lililomleta. Kampuni ile ilikuwa haitoi ovaroli mpya mpaka ya zamani irudi. Kesho kuna uzinduzi wa bomba pale kisimani, na kuna fundi mwingine anaanza kazi. Waipeleke asubuhi.

Alipoondoka, mke wa Spana akaanza kuikunja.

"Usiipeleke," Kipaza akasema. "Huyo mtu mpya naye hana kosa. Nimeshamuumiza mmoja asiye na kosa."

"Huyo mmoja ni mume wangu."

"Najua."

"Hujui, dada. Yuko mle ndani anapukutika. Wewe kaa na haki zako, mimi nataka mume."

Wote wawili wakalia, kila mmoja upande wake wa beseni.

Asubuhi mke wa Spana akamwachia jirani mgonjwa, akaibeba ovaroli mkononi, imemlowanisha ubavu mzima. Pale kisimani palikuwa na turubai, viti, vipaza sauti, na bomba jipya linalong'aa limesimikwa juu ya zege. Wanawake wa mtaa walikuwa upande wa pili na mabango yao. Kipaza alikuwa ameshawaambia kwamba leo hakuna tope, na fundi yeyote asiguswe wala asitukanwe. Wapo waliomnunia, lakini walitii.

Fundi mpya alimfuata mwenyewe. Alikuwa mwanamume wa makamo, kavaa suruali kuukuu iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama.

"Shikamoo, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

Umri wake haukuwa wa kumwamkia yeye, lakini furaha ya kazi ilikuwa imempanda kichwani. Akasema ameambiwa Spana ni fundi hodari.

"Mwambie simchukulii nafasi," akaongeza. "Namshikia tu mpaka apone." Akanyoosha mikono apokee nguo.

Mke wa Spana akaona mikono ile ina sugu zilezile, palepale, kama za mumewe. Akairudisha ovaroli kifuani kwake.

"Hii sikupi, baba. Samahani."

Msimamizi akaja juu. Akamuuliza kama ana wazimu, kama anataka kumharibia kazi mbele ya wakubwa, akashika mguu mmoja wa ovaroli akavuta, mwanamke akavuta wake, maji yakawarukia wote wawili, na katikati ya mvutano ule gari jeusi likasimama na mkurugenzi akateremka anacheka.

Wakubwa wa kampuni ile walikuwa na desturi yao siku za uzinduzi. Huvua koti, huvaa nguo za mafundi, hushika spana, hupigwa picha, kisha huvua. Mkurugenzi akauliza ovaroli yake iko wapi. Msimamizi akaangaza macho. Zote zilikuwa miilini mwa watu, ila moja.

"Si hiyo hapo? Lete."

"Mzee, usiivae," mke wa Spana akasema polepole. "Ina balaa. Imemlaza mume wangu kitandani."

"Mtaa huu kila kitu changu kina balaa," mkurugenzi akasema, na waliomzunguka wakacheka. Alisema ubichi wake ni afadhali kwa jua lile. Akaichukua mwenyewe, akaingiza miguu, akaingiza mikono, akafunga vifungo mpaka shingoni. Mwanamke hakumsaidia hata kimoja. Alisimama, na moyoni, sitaficha, alikuwa anaomba nguo imtoshe.

Ilimtosha. Wapiga picha wakasogea. Mkurugenzi akafungua bomba, halikutoa maji. Lilitoa sauti ya kumeza. Funda moja, kisha jingine, taratibu. Wanawake wakashusha mabango, mafundi wakarudi nyuma, harufu ya tope ikapanda kutoka kwenye zege ambalo halikuwa na ufa wowote, na kila mtu pale, hata aliyekaa ndani ya gari vioo vimefungwa, akaisikia ile sauti ya shimoni ikiuliza, "Ni wewe? Ni wewe uliyenifunga?"

Mkurugenzi alidhani ni Kipaza, yule wa maandamano, anamchokoza. Akakishika kipaza sauti.

"Ndiyo, ni mimi," akasema, na maneno yake yakaenda mtaa mzima. "Amri nilitoa mimi mwenyewe. Na vingine nitafunga."

Kumeza kukakoma.

Jirani aliyeachiwa mgonjwa anasema saa ileile Spana alikisukuma kikombe, akasema ametosheka, akauliza mke wake yuko wapi.

Pale kisimani mkurugenzi alilamba midomo. Akaomba maji, akaletewa chupa, akaimaliza kwa mkupuo. Akaomba nyingine. Wakamletea katoni nzima, akainywa yote amesimama, na wapiga picha wakaanza kushusha kamera mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa unapukutika unga. Akapiga magoti, akaubana mdomo wake kwenye bomba, akawa ananyonya, na ovaroli ikaanza kuvimba mgongoni.

Dereva wake, mtu mpole mwenye mvi, akakimbia amfungue vifungo. Mke wa Spana akamdaka mkono.

"Kaka, usiiguse hiyo nguo. Una wanao nyumbani. Mwache aivue mwenyewe."

Lakini mkurugenzi hakuwa na mkono wa kufungulia vifungo. Yote miwili ilikuwa imelikumbatia bomba.