Gari Lililojiona

Gari jeupe lilisimama ghafla katikati ya makutano, wakati jiji zima linatoka kazini, likagoma kama punda. Honi zikalia nyuma yake. Ndani hamkuwa na dereva. Kulikuwa na mhandisi mmoja tu kwenye kiti cha abiria, gauni lake la bluu limelowa jasho mgongoni, akihangaika na kompyuta aliyoipakata.

Mbele ya gari kijana wa ovaroli ya kijivu, fundi vioo, alikuwa anavuka na kioo kikubwa kuliko yeye. Gari lilijiona kwenye kioo, likadhani gari jingine linalijia uso kwa uso.

"Dada, liambie linajiona lenyewe!" fundi alipaza sauti. "Hata mimi asubuhi najishtukia, lakini sisimamishi jiji!"

Mhandisi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Kicheko kikazaa namba ya simu, namba ikazaa mengine.

"Mpinzani wangu hajambo?" fundi aliuliza kila alipopiga.

"Mpinzani gani tena?"

"Hilo gari. Unashinda nalo kutwa, mimi naambulia makombo."

"Lenyewe haliniulizi nimekula nini."

"Haya, umekula nini, laazizi?"

Mhandisi, ambaye kwao alijulikana kwa ubishi, akawa anatabasamu peke yake kwenye lifti.

Kisha ofisini akapewa kazi ya kulifundisha gari lisihadaike na vioo. Gari likajifunza kwamba kinachoonekana ndani ya kioo si kitu, lipite tu. Wakalijaribu mbele ya kuta za vioo za maduka, likafaulu.

"Na kioo kikiwa mikononi mwa mtu?" alimuuliza mkuu wake.

"Mara ngapi umeona hilo?" Mkuu alicheka. "Tutaliangalia baadaye."

Alikuwa ameliona kwa macho yake, na aliyekibeba kioo kile ndiye mpenzi wake sasa. Hata hivyo alinyamaza. Uzinduzi wa magari hayo ulikuwa mlangoni, na hakutaka kuitwa mkwamishaji.

Usiku wa kuamkia uzinduzi, mkuu alimpa lifti hadi kwao. Fundi, aliyekuja kumngojea ili amshtukize, akamwona akishuka huku anacheka. Hakuuliza. Alipiga simu tu.

"Hongera na bosi wako," akakata.

Asubuhi mhandisi akampigia tena na tena. Alitaka kumwambia: leo usivuke na kioo, magari yameachiwa mjini. Fundi hakupokea. Mhandisi akaandika ujumbe, akautazama, akaufuta. "Kama hataki kusikia sauti yangu, na asisikie." Akavaa suti yake ya krimu, akaenda kupigiwa makofi.

Mchana ule fundi aliingia barabarani na kioo chake. "Msiogope, haya magari yananijua," aliwatania watu waliosimama kando. Gari halikupunguza mwendo.

Alinusurika, lakini mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Mama wa fundi alimpokea mhandisi mlangoni mwa wodi, macho yamemvimba. "Ingia, mwanangu. Hana jina jingine mdomoni."

Fundi alikuwa amepauka kama majivu. "Niliona unapiga," alisema. "Wivu wa kijinga. Nisamehe, mpenzi."

"Alinipa lifti tu."

"Najua. Ulitaka kuniambia nini asubuhi ile?"

Angeweza kudanganya, hakuna ambaye angejua. Lakini alimweleza yote, hadi ujumbe ule.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaufuta."

"Ulikuwa umenikatia simu." Aliposikia maneno yake mwenyewe, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nioe. Nitaacha kazi. Nitakuwa mkono wako."

Fundi aliuliza: "Unaniomba ndoa, au unaniomba msamaha?"

Penzi lilikuwepo, hatia ilikuwepo, na mhandisi hakuona pa kuvitenganisha.

"Msamaha nimekupa," fundi alisema polepole. "Ndoa siwezi. Kila utakaponifunga vifungo vya shati, nitakuwa nausoma ule ujumbe."

Akageuzia uso ukutani.

Nje, mama alikuwa akikunja kanga yake kwenye benchi. "Utarudi jioni, mwanangu?" aliuliza. "Ukiwepo wewe ndipo anakula."

Mhandisi akainama kama anayefunga kiatu, akakaa hapo chini mpaka mama akaacha kungoja jibu.