Pasta Amekataa Kula

Kila asubuhi pale Matisi, kabla fundi Khisa hajagusa cherehani, lazima kwanza amwondoe mtu mezani. Mtu mwenyewe ni paka. Jina lake ni Pasta, kwa sababu akikaa hufumba macho kama anayeombea taifa zima. Khisa alimtoa Sirisia akiwa mdogo kama ngumi. Sasa ni mzee, na hulala juu ya nguo za wateja. Wateja wakilalamika juu ya manyoya, Khisa huwaambia hiyo ni baraka, wala hawatailipia.

Basi Pasta akaanza kutokwa na mate. Mdomo ukanuka. Akawa anatafuna upande mmoja tu, na chakula kinaanguka.

"Ni uzee tu, Baba Ivy," akasema Gladwell, mke wa Khisa.

Khisa naye alidhani hivyo. Lakini siku moja Pasta aliuma dagaa wa omena, akapiga kelele ya maumivu, akakimbia sahani. Khisa hakungoja zaidi. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo mjini Kitale.

Daktari Jepkoech akamwangalia mdomoni taratibu. "Huyu hasumbuliwi na uzee," akasema. "Meno yameoza, fizi zimevimba. Ingekuwa ni wewe, ungelia."

Pasta akadungwa sindano ya usingizi. Meno mabovu yakang'olewa, fizi zikashonwa. Jioni Khisa alipomfuata, daktari alimpa dawa ya maumivu, akamwambia:

"Mweke mahali penye joto, pasipo kelele. Mpe chakula laini, kidogo kidogo. Usimfungue mdomo kuangalia kidonda. Na akimaliza siku nzima bila kula, nipigie. Paka asipokula, ini huharibika haraka. Mzee kama huyu anaweza kufa."

Neno hilo la kufa lilimwingia Khisa mpaka ndani. Alimpenda huyo paka, na hakuona haya kusema.

Nyumba yao ina vyumba viwili, na jiko liko nje. Sebuleni kuna cherehani, redio na wateja wasiokwisha. Chumba cha kulala ndicho chenye utulivu, kwa hiyo Gladwell akamlaza Pasta humo, juu ya blanketi.

Kumbe kulikuwa na jambo. Mama Nangila, mama yake Gladwell, alikuwa amekuja kutoka Sirisia kutibiwa macho, na chumba hicho ndicho walichompa. Nanyi mnajua heshima ya mkwe kwa Wabukusu! Khisa na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa Gladwell. Na chumba anamolala mama mkwe, Khisa hakanyagi. Kati yake na Pasta kukawa na pazia tu, lakini lilikuwa kama ukuta.

Kesho yake Gladwell alimpa Pasta dawa, kisha akampelekea chakula. Pasta akageuza uso. Mchana Mama Nangila akamwekea omena kavu, tena aliyoikaanga mwenyewe. Pasta akanusa, akajificha chini ya kitanda. Khisa alishona suruali, mguu mmoja ukatoka mfupi kuliko mwingine. Masikio yake yote yalikuwa kwenye pazia.

Jioni Gladwell alitoka kwenda sokoni. Mara sauti ya Mama Nangila ikasikika chumbani. Hakumwambia Khisa. Alimwambia paka, lakini kwa sauti ya kufika mbali.

"Wee Pasta, pole. Ngoja nikupake munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayopikia mboga. Fizi zangu huwa zinapona nayo. Halafu nikukatie nusu ya hii paracetamol yangu."

Khisa akaruka kutoka kwenye kiti. "Pasta! Mwambie Kukhu, bibi yako, angoje kidogo! Nampigia daktari!"

Akapiga simu, akaongeza sauti, akaishika karibu na pazia.

"Uuwi, msithubutu!" daktari akasema. "Paracetamol ya watu ni sumu kwa paka. Hata kipande kidogo kinaua. Munyu utachoma kidonda, na omena kavu itakwaruza pale tuliposhona. Leo amekula nini?"

"Hajala kitu."

"Na siku zote anayemlisha ni nani?"

"Ni mimi."

"Si basi umlishe wewe! Paka akiwa na maumivu na woga, anamtaka mtu wake. Chemsha samaki, toa miiba yote. Usitie chumvi wala kitunguu. Ponda mpaka alainike kabisa. Awe vuguvugu, ndiyo Pasta asikie harufu. Umpe kwa kidole. Akikataa hata hiyo, mlete kesho asubuhi na mapema."

"Lakini daktari, siwezi kuingia humo," Khisa akasema kwa sauti ndogo.

Pazia likatikisika kidogo.

"Pasta," Mama Nangila akasema, "mwambie baba yako aende jikoni apike. Mimi natoka na begi langu. Hapa si kwangu tena, ni wodi."

Khisa akaenda jikoni haraka, ili mama mkwe apite kwa heshima. Samaki alipopoa kidogo, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kula, mzee wangu. Nakuomba, bana."

Pasta akasogea. Akanusa kidole. Akalamba mara moja, akaacha, akafikiria. Halafu akalamba tena, na tena, mpaka kijiko kizima kikaisha. Khisa akalia waziwazi.

"Amekula?" sauti ikauliza kutoka nje ya dirisha. Safari hii hakuulizwa paka.

"Amekula, Mama."

Tangu siku hiyo Mama Nangila alilala kwa jirani, na Khisa akamlisha Pasta mara nyingi kwa siku. Dawa ilitolewa mpaka ikaisha. Daktari alimwona tena, akasema kidonda kimepona. Mate yakakauka, harufu ikaisha, na Pasta akarudi kulalia nguo za watu.

Mama Nangila naye alirudi Sirisia. Baada ya muda simu ya Khisa ikalia. Gladwell alikuwa amekaa karibu naye, lakini mama hakuomba kuzungumza naye.

"Mkwe, paka wangu huku anatokwa na mate. Nimemkataza kila mtu kumpa dawa za watu. Sasa?"

"Mlete, Mama," Khisa akasema. "Nitahama chumba."