Chumba cha Kulala: Kuna Mtu

Saa sita mchana, kaunta ya duka la vifaa vya umeme haina adabu. Watu wanapigana vikumbo, kila mmoja ana waya mkononi na haraka moyoni. Fundi wa kengele za ulinzi, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, alikuwa ananyoosha mkono kupokea moduli yake, kisanduku cha kuongezea sensa, vile vijicho vinavyonasa mtu akipita, aliposikia sauti ya upole nyuma.

"Samahani dada, hiyo ndiyo inayoongeza sensa? Paneli yangu imejaa, na vyumba vya juu bado havina ulinzi."

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi barabara, ila kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Huyu anajishonea mwenyewe, fundi aliwaza.

"Ndiyo yenyewe. Lakini ukiifunga mwenyewe utaunguza paneli, halafu uje unililie."

"Basi nifungie wewe. Kulia nimeshalia vya kutosha."

Alikuwa muuza mapazia, mkewe amefariki miaka mitatu iliyopita, anaishi peke yake juu ya duka lake. Kesho yake fundi alipanda na ngazi na drili. Akavuta nyaya, akaunganisha sensa ya sebule na ya chumba cha kulala kwenye moduli, akaipa paneli, ule ubongo wa kengele, majina ya vyumba.

"Muuza mapazia mzima, dirisha lako liko uchi?"

"Mganga hajigangi, fundi wangu."

Ule "wangu" ulimtoka tu, wote wawili wakaangalia pembeni. Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu asubuhi na jioni, mpenzi huku, roho yangu kule.

Sasa hapa ndipo fundi alipoteleza. Siku ya majaribio aliiagiza paneli imtumie ujumbe kwenye simu yake kila sensa inapoona mtu. Kazi ikiisha, fundi hufuta namba yake. Hakuifuta. Kila jioni alikuwa anarudi kwenye chumba chake, ambako hakuna wa kumuuliza kama amekula, na simu ikilia *Sebule: kuna mtu*, alitabasamu gizani. Aliona aibu, lakini hakuacha. Kuna siku ujumbe ulikuja mfululizo saa tisa usiku, *Sebule, Sebule, Sebule*, akajua mwenzake anatembea huku na huko, usingizi umemkataa. Alikaa kitandani na simu mkononi mpaka ukakoma.

"Umelalaje, mpenzi?" alimuuliza asubuhi.

"Fofofo. Na wewe?"

"Hata mimi."

Mwezi wa pili wa penzi lao muuza mapazia alimwajiri mama mshonaji, akampa stoo ya nyuma kuweka cherehani. Akaomba moduli nyingine kwa ajili ya stoo. Fundi aliifunga mbio mbio, maana muuza mapazia alikuwa amesimama chini ya ngazi akimchekesha, na chakula kilikuwa kinapoa mezani. Hata lile jaribio la kutembea mbele ya sensa hakulifanya.

Kesho yake saa nne asubuhi alimpigia.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Niko kaunta, nampimia mteja."

Simu ikatetemeka sikioni. *Chumba cha kulala: kuna mtu.*

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Fundi hakuweza kuuliza, maana angeuliza angejulikana anachungulia. Akampigia dada yake.

"Lisemwalo lipo, mdogo wangu," dada alisema. "Na kama halipo, linakuja. Toka mapema."

Akatoka. "Tuachane," alimwambia muuza mapazia kwenye simu.

"Nimekukosea nini? Niambie nijirekebishe."

"Hujakosea. Nimechoka tu."

Akakata, akaizima simu wiki nzima. Chumba chake kikawa kimya mpaka akawa anasikia friji ikinguruma.

Siku ya nane alikuwa kazini kwenye duka la dawa. Akafungua boksi la moduli, akachukua bisibisi kubadili zile swichi ndogo za namba. Moduli zote hutoka kiwandani na namba moja. Kila unayoiongeza lazima uipe namba yake, la sivyo paneli itaidhani ni ile ya kwanza. Akaiweka bisibisi chini. Ya stoo hakuibadili, na waya wake aliuchomeka tundu la pili, ambalo kwenye moduli ya kwanza ni la chumba cha kulala. Aliyekuwa "chumbani" siku zote zile ni mama mshonaji na cherehani yake.

"Nenda karekebishe, futa namba, nyamaza," dada alimshauri alipompigia.

"La kuvunda halina ubani, dada."

Alikwenda dukani kwa muuza mapazia, akarekebisha swichi ya stoo kwanza. Kisha akapanda juu, akamwambia muuza mapazia yote, amesimama, mkoba wa vifaa umemning'inia begani.

Muuza mapazia hakukasirika kwa kushukiwa. Hata alicheka kidogo kwa habari ya mama mshonaji. Halafu kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ile siku ya saa tisa usiku. Ulijua niko macho?"

"Nilijua."

"Na wewe ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

"Na hukupiga."

Fundi alilia. "Ningepiga ungejua. Niliogopa kukukosa."

"Miaka mitatu nimeomba angalau mtu mmoja ajue ninavyokaa humu. Kumbe alikuwepo, akaninyamazia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Futa namba yako. Uende."

Aliifuta mbele yake. Mlangoni akauliza, "Naweza kukupigia?"

"Sijui nitakujibu nini."

Kesho yake asubuhi fundi alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, amesimama katikati ya chumba, viatu mkononi. Ikapokelewa.

"Umelalaje?" fundi aliuliza.

"Sijalala." Alisikika akivuta kiti. "Tangu mke wangu alipokufa silali. Una nafasi ya kunisikiliza?"

"Ninayo," alisema fundi, akakaa sakafuni palepale, akasikiliza.